Kaka, irudishe ile beti ya tatu

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu, kwani hata ugomvi wenyewe ulianzia mbele za watu.

Ulikuwa wimbo wako wa kukemea madikteta, maneno niliandika mimi. Mpiga ngoma alishahesabu. Beti ya Chile ikapita, beti ya Afrika Kusini ikapita, na kinanda kilipoanza kutupeleka kwenye ya tatu ukainua mkono. "Hapana. Kiitikio mara mbili, tufunge." Baa 16 za muziki, mapigo manne kila moja, mapigo 90 kwa dakika: sekunde kama 43. Ndani yake mlikuwa na mtu mmoja tu, Maykel Osorbo, mwanamuziki mwenzako wa Cuba, mmoja wa waliouandika "Patria y Vida", wimbo wa mwaka 2021 wa kuipinga serikali ya huko, ambaye mahakama ya Cuba ilimhukumu miaka 9 mwaka 2022. Hukunitazama. Ulisema, "Tusimpe adui kisu," na wenzetu wakacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kuweka macho.

Kisu kipi, kaka? Kwamba sisi wa mrengo wa kushoto tukimkemea dikteta wa upande wetu tunawapa wapinzani silaha?

Hoja yako naijua vizuri kuliko unavyodhani, na nusu yake nakubaliana nayo. Mtu aanze kukemea nyumbani kwake. Mmarekani aliyemwimba Pinochet, dikteta wa Chile, alikuwa anaimba kodi yake mwenyewe, maana serikali yake ilikuwa imefanya kazi ya kumdhoofisha Rais Allende kabla ya mapinduzi ya Septemba 11, 1973. Huyo asikemewe kwa kuanza na Pinochet. Lakini hoja hiyo inahesabu fedha na silaha, haihesabu mrengo. Na ukiifuata mpaka mwisho inakugeukia wewe: dikteta anayekuhusu kwanza ni yule anayekutumia.

Pinochet hakuwa na haja na wimbo wako. Wanajeshi walimfungia mwimbaji Víctor Jara uwanjani wakamuua kwa risasi zaidi ya 40, basi. Dikteta wa mrengo wa kushoto kwa kawaida hufanya kinyume. Anakuita. Analipa tiketi, anakupa chumba, anakuweka jukwaani chini ya picha yake, na mwakani anapiga wimbo wako kwenye gwaride ukiwa haupo. Huko Guinea ya Sékou Touré serikali ndiyo iliyokuwa na bendi, ikawalipa wanamuziki mishahara na kuwatolea sahani zao kwa lebo yake, Syliphone. Muziki ulikuwa mzuri kweli, hilo nani atabisha? Miriam Makeba alihamia huko, akamwimbia rais sifa. Simlaumu kirahisi: makaburu walimnyang'anya pasipoti, Marekani wakamfutia maonyesho alipoolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za weusi, Guinea ikampokea. Ila katika jiji hilohilo la Conakry palikuwa na Kambi Boiro, gereza la wafungwa wa kisiasa, na humo Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa mwaka 1977 kwa kunyimwa chakula na maji.

Ulipenda kuniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Fodéba Keïta alijuana na zimwi hilo kuliko msanii yeyote. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha ngoma cha Les Ballets Africains, akawa waziri wa mambo ya ndani, kisha wa ulinzi. Mwaka 1969 aliuawa palepale Boiro. Lilimla likammaliza.

Ndiyo maana nasema kimya chako hakiko katikati. Kwa dikteta asiyekupenda, ukinyamaza umenyamaza. Kwa huyu anayekupenda, ukinyamaza wimbo wako unaendelea kupigwa. Na usidhani mwanasheria atakusaidia: haki za kupiga wimbo hadharani mara nyingi ziko mikononi mwa chama cha kukusanya mirabaha, na chama hutoa kibali cha jumla bila kukuuliza. Kinachobaki ni mdomo wako.

Utaniambia waliothubutu waligeuka vibaraka. Nani? Joan Baez, mwimbaji wa Marekani? Alikuwa Hanoi, Vietnam, Desemba 1972 mabomu ya nchi yake yakianguka. Mei 1979 huyohuyo akachapisha barua ya wazi kwenye magazeti makubwa ya Marekani, akiikemea serikali ya Vietnam kwa wafungwa wa kisiasa. Wenzake wa kupinga vita wakamshukia. Miaka miwili baadaye akazuiwa kuimba Chile, Argentina na Brazil, zote zikiwa chini ya majenerali. Huyo kibaraka wa nani? Au Wolf Biermann, mwimbaji mkomunisti, baba yake aliuawa Auschwitz, mwenyewe akahamia Ujerumani Mashariki kwa hiari yake mwaka 1953. Walimpiga marufuku mwaka 1965, na Novemba 1976, alipotoka kwenda kuimba Köln, Ujerumani Magharibi, wakamvua uraia siku tatu baadaye. Thomas Mapfumo wa Zimbabwe aliwekwa ndani na utawala wa Wazungu wa Ian Smith mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1989 akawaimbia ufisadi watu walewale aliowaimbia ukombozi. Hakubadilisha gitaa.

Pete Seeger, yule mwimbaji wa Marekani unayempenda, alichelewa. Mwaka 1941 yeye na wenzake walitoa sahani ya kupinga Marekani kuingia Vita vya Pili vya Dunia. Juni Hitler alipoivamia Urusi wakaiondoa sokoni. Wimbo wake wa kumkemea Stalin aliuandika mwaka 2007, akiwa na miaka 88. Namsifu kwa kuuandika. Lakini Stalin alikuwa kaburini tangu 1953, kaka, na wafungwa wake wengi pia.

Sasa nisikilize kama fundi, si kama mdogo wako. Beti ya namna hii huharibika sehemu tatu. Ya kwanza ni jumla: "wengi wanateseka" haimkeri dikteta yeyote duniani, anaweza hata kuitikia. Weka jina, mwaka, kifungo. Ya pili ni idadi. Ukiimba elfu kadhaa na ukakosea kwa mia, mjadala utakuwa wa hesabu na mfungwa atasahaulika. Mtu mmoja aliyethibitika anatosha. Muulize aliyekimbia nchi, halafu muulize aliyebaki na bado anayaamini mapinduzi. Wanapokubaliana, imba. Na familia iulizwe kabla, kwa sababu kutajwa kunaweza kumkinga mfungwa au kumwongezea adhabu, na anayelipa si wewe.

Ya tatu ndiyo inayowashinda wengi: mstari wa mwisho. Mwandishi akiogopa kuitwa kibaraka, anafunga beti kwa "lakini Marekani nao..." Msikilizaji huondoka na mstari wa mwisho. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba ni kweli na vinaumiza, vitie mstari wa pili ukitaka, au vipe beti yao. Ukivifanya kifungio, umemtoa mtu gerezani ukamrudisha kabla kinanda hakijanyamaza. Na usicheke, kosa hilohilo hufanywa na upande wa pili, wanaomtaja Castro kila wakiulizwa habari za Pinochet.

Mwaliko ukija, kabla ya kutia sahihi uliza nani analipa ndege, kwa nini wanataka orodha ya nyimbo mapema, na nani atakaa kwenye meza ya sauti. Huko Bratislava, Czechoslovakia, mwaka 1989 Baez alimpandisha jukwaani Ivan Hoffman, msanii asiyetakiwa na wakubwa, na sauti ikakatwa. Kwa hiyo kila safari beba wimbo mmoja usiohitaji umeme: upana wa noti usizidi oktavu moja, yaani do hadi do ya juu, kiitikio ambacho ukumbi unakijua tayari.

Najua utauliza mimi nilikuwa wapi mkono wako ulipopanda. Nilikuwa nimeshika karatasi. Wimbo ni wako, jina lako ndilo lililo juu, na mtunzi wa maneno hamwamuru mwimbaji mbele ya bendi, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Kisha ungeaibika. Kisha... haya, ni kweli sikusema neno, na nimekuandikia maneno mengi hapa kuliko niliyohitaji siku ile, ambayo yalikuwa mawili: "Tuendelee, kaka." Lakini usitulinganishe. Kunyamaza kwangu kulidumu jioni moja. Kwako kumeshaingia kwenye rekodi, kiitikio mara mbili, kila anayeununua anakipata.

Mama anakuulizia. Nimemwambia una kazi nyingi.

Beti bado ninayo. Nimebadilisha neno moja kwenye mstari wa tano, lile ulilosema linakwama kinywani, hapo ulikuwa sahihi. Na wimbo wote nimeushusha kutoka ufunguo wa A hadi G, kwa sababu ya ile noti ya juu ambayo siku hizi huifikii na hutaki mtu aiseme.