Barua ya wazi kwa Gavana wa Texas: mtupunguzie vyama kwenye viti vya majaji

Mheshimiwa Gavana Greg Abbott,

Tunakuandikia sisi wapiga kura wa Kaunti ya Harris tunaozungumza Kiswahili. Uliwahi kuwa jaji hapahapa Houston, Mahakama ya Wilaya Na. 129, hivyo uzito wa kazi hiyo unaujua. Ombi letu linahusu namna ya kumpata anayeifanya.

Chukua kura ya Novemba. Ukimaliza viti vikubwa, unaanza msururu wa majaji, skrini baada ya skrini. Kila kiti kina namba ya mahakama, majina na vyama, basi. Hakuna pa kusoma kwamba huyu amesimamia kesi za jinai miaka kumi, au yule mafaili yamemlalia. Mpiga kura hufuata chama, au huruka.

Ndiyo maana mwaka 2018 chama cha Democratic kilizoa viti vyote 59 vya mahakama vilivyogombaniwa Harris. Dallas hali ilikuwa hiyohiyo mwaka 2006. Jaji hodari na jaji mzembe waliondoka pamoja, na tungelalamika vilevile kama upepo ungevuma upande wa pili. Kufutwa kwa kura ya chama kizima kwa alama moja, kulikoanza 2020, hakukutibu hili: jina la chama bado liko pale pale.

Mchujo wa Machi una kasoro yake. Wagombea wote ni wa chama kimoja, kwa hiyo hata hicho kitambulisho hakipo. Mpangilio wa majina hupatikana kwa kuokota karatasi, na anayetangulia hupata nafuu asiyoifanyia kazi.

Halafu kuna fedha. Kwa sheria ya 1995, katika eneo lenye zaidi ya watu milioni moja, mtu mmoja huruhusiwa kumchangia mgombea ujaji hadi dola 5,000 kwa kila uchaguzi, na kampuni ya mawakili pamoja na watu wake hadi mara sita ya hapo. Wachangaji wengi ni mawakili, na kesho yake wanasimama mbele ya jaji huyohuyo. Ni halali kabisa, na hilo ndilo linalotuumiza.

Missouri ilianza njia nyingine mwaka 1940, ikiwemo mahakama za Kansas City na St. Louis. Kamati ya mawakili wawili, raia wawili na jaji mmoja wa rufani hupeleka majina matatu. Gavana ana siku 60 kuteua. Baada ya angalau mwaka kazini, wananchi huulizwa: abaki au aondoke? Udhaifu wake ni kwamba wanaoondolewa ni wachache mno, kwa hiyo tathmini ya kila jaji lazima itangazwe kabla ya kura.

Tume iliyoundwa na Bunge la Texas ilipiga kura 8 kwa 7 mwaka 2020 kutaka uchaguzi wa kivyama uachwe. Kubadili Katiba kunahitaji wabunge 100 kati ya 150, maseneta 21 kati ya 31, kisha kura ya wananchi. Saini yako haihitajiki, lakini kikao maalumu ni wewe unayekiita.

Kuna jambo lisilosubiri Katiba. Kiti cha mahakama ya wilaya kikibaki wazi katikati ya muhula, mteuzi ni wewe. Kitakachofuata kuwa wazi Harris, tangaza waombaji wote, uunde kamati ya kuwahoji hadharani, na uteue kutoka majina matatu itakayokuletea.

Wako katika ujenzi wa haki,
Wapiga kura wanaozungumza Kiswahili, Houston