Sykes na Picot wanatuhusu hata sisi wa Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Jumamosi iliyopita, yule aliyelalamika kwamba gazeti limepoteza kurasa mbili nzima kwa habari za Sykes na Picot, yule Mwingereza na yule Mfaransa walioigawa ardhi ya Waarabu kwenye ramani mwaka 1916, "ugomvi wa Waarabu na Wazungu wao", wakati mabomba ya maji mitaani yamekauka. La maji namuunga mkono. Hilo jingine hapana, na mimi namjibu kama mtu wa Tanga.

Kila anayekaa barazani hapa Ngamiani anakijua kisa cha nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India, wakateremka Ras Kazone, Mjerumani von Lettow-Vorbeck akawapiga akiwa na watu kama 1,000 tu, na nyuki wakamalizia. Wazee hukisimulia huku wakicheka, kahawa ikimwagika. Kisichosimuliwa ni kwamba kikosi kile kiliitwa B, na kilikuwa na ndugu yake, kikosi D, kilichotoka Bombay Oktoba, mwezi ule ule kilipotoka B. B akaja kwetu. D akaenda Ghuba, akateremka Fao, kwenye mlango wa mto wa kwendea Basra, tarehe 6 Novemba. Siku moja kabla, tarehe 5, Waingereza wa huku walikuwa wanajipakia mashuani kukimbia, bunduki zao za rasharasha na masanduku ya risasi wameyaacha ufukweni, na siku hiyo hiyo serikali yao London ikatangaza vita dhidi ya Uturuki. Haikupita hata wiki mbili, Sultani wa Istanbul naye akatangaza jihadi, na Wajerumani wakaueneza wito huo kwa Waislamu wa koloni hili. Mjerumani akihubiri jihadi! Sasa ndugu yangu anaposema vita vile vilikuwa vya watu wengine, sijui anamaanisha watu gani.

Tuje kwenye ahadi, maana hapo ndipo penye uchungu. Tarehe 24 Oktoba 1915 Sir Henry McMahon, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Misri, alimwandikia Sharifu Hussein wa Makka, aliyekuwa chini ya Waturuki, kwamba Uingereza iko tayari kuutambua na kuuunga mkono uhuru wa Waarabu katika mipaka aliyoitaka Sharifu, isipokuwa sehemu kadhaa, zikiwemo zile zilizo magharibi ya Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Chukua ramani yoyote ya shule utazame. Magharibi ya miji hiyo minne unakutana na Lebanoni na pwani ya Syria. Palestina iko kusini zaidi. Lakini baadaye Waingereza walishikilia kwamba na Palestina nayo imo katika hiyo "magharibi". Mimi sijapata kuona barua iliyoandikwa kwa ujanja kama ile: kila mmoja asome anachotaka, na mwenye bunduki ndiye afafanue mwishoni.

Barua hizo zilikuwa bado zinakwenda na kurudi wakati Mark Sykes wa Uingereza na François Georges-Picot wa Ufaransa wameshaketi na ramani yao. Mei 1916 mkataba ukakamilika, Urusi ikiridhia kwa fungu lake. Ufaransa ipate pwani ya Syria na Lebanoni, Uingereza ipate Basra na Baghdad, Palestina iwe chini ya utawala wa kimataifa. Sharifu akaanzisha uasi dhidi ya Waturuki mwezi uliofuata, Juni. (Simfanyi mtakatifu, Oktoba alijitangaza mfalme wa Waarabu wote, wala Waarabu wote hawakuwa wameulizwa.) Mkataba ulibaki siri mpaka Novemba 1917, Wabolsheviki walipoishika serikali ya Urusi, wakafungua makabati na kuuchapisha magazetini. Mwezi huo huo, tarehe 2, Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa ameiandika barua yake ya kuahidi makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina. Nchi moja, ahadi tatu.

Mimi nimekaa dirishani posta mpaka nikastaafu, na ugonjwa wangu ni stempu. Ninazo mbili ambazo nimezibandika ukurasa mmoja kwa makusudi. Moja ni ya Waturuki, ina mandhari ya Istanbul, na juu yake Waingereza wamepiga chapa nyeusi kutangaza kwamba Iraki imekaliwa na wao. Ya pili ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, ni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza (Kenya ya leo) na Uganda, nayo imepigwa chapa juu yake herufi tatu, G.E.A., yaani German East Africa, ili itumike huku kwetu baada ya Mjerumani kufukuzwa. Tazama bei zake. Ya Iraki ni ya ana, yetu ni ya senti za rupia, kwa hiyo zote mbili zinahesabiwa kwa fedha yenye asili ya India, kule kule walikotoka B na D. Mwenye macho haelezwi.

Halafu ukaja mkutano wa amani wa Paris, 1919. Katika mkataba wa Ligi ya Mataifa kuna kifungu cha 22, na humo tumo sote: Syria, Lebanoni, Palestina, Iraki, na sisi. Tofauti ni daraja. Nchi zilizokuwa za Waturuki ziliambiwa zimefikia hatua ya kutambuliwa kwa muda kuwa mataifa huru, zinahitaji ushauri tu mpaka ziweze kusimama. Sisi wa Afrika ya Kati tukaandikiwa kwamba mdhamini, yaani dola iliyokabidhiwa nchi kwa niaba ya Ligi, ndiye atakayeendesha utawala. Kule Syria na Palestina walau Marekani ilituma tume ya King na Crane kiangazi cha 1919 kuwauliza watu wanataka nini, ingawa ripoti yake ilikaliwa mpaka 1922. Huku tume kama hiyo haikuletwa.

Badala yake mwaka ule wa 1919 Lord Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana wenyewe: Rwanda na Urundi ziende kwa Wabelgiji, sehemu nyingine ya koloni la Mjerumani ibaki kwa Waingereza na baadaye iitwe Tanganyika. Milner akakata na kipande cha Kisaka, mashariki mwa Rwanda, kwa sababu Waingereza walitaka njia ya reli ya kutoka Cape hadi Kairo. Miaka michache baadaye kipande hicho kikarudishwa, na reli hiyo mpaka leo hakuna aliyeipanda. Sasa soma mkataba wa Sykes na Picot, utakuta Uingereza imejiwekea haki ya kujenga reli kutoka Haifa hadi sehemu yake ya Iraki. Nayo haikujengwa. Watu walihamishwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule kwa ajili ya reli za kwenye karatasi, huko na huku, na wakataji walikuwa wale wale.

Kwa hiyo, mhariri, ombi langu siyo mpunguze kurasa hizo. Mkirudia, chapisheni ramani mbili, ya kwao ya 1916 na ya kwetu ya 1919, ziwe pamoja.

Na ile mliyotoa ina kosa. Mmeiweka Mosul kwa Waingereza, mkaandika chini kwamba mipaka ya leo ni ya Sykes na Picot. Mwaka 1916 Mosul ilikuwa upande wa Ufaransa. Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, ndiye aliyemwachia mwenzake wa Uingereza, Lloyd George, Desemba 1918 huko London, na ugawaji wenyewe wa udhamini wa nchi hizo ulikuja kuamuliwa San Remo, Italia, Aprili 1920. Tafadhali sahihisheni.

Mstaafu wa posta,
Ngamiani, Tanga