Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wachanga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Chanjo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wauguzi wetu, wazazi wenzetu, na nyinyi wadogo mliokwisha kuanza kulia kabla hatujasoma hata mstari mmoja,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tutasema jambo moja tu: chanjo ya rota, yaani virusi vinavyowaharisha watoto wachanga.

Mheshimiwa, wengi wetu tuliamini mtoto akiharisha ni meno yanaota. Imani hiyo imetuchelewesha sana. Wengine tukadhani ni ugonjwa wa nyumba chafu. Kumbe kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameambukizwa virusi vya rota kabla ya kutimiza miaka 5, tajiri kwa maskini. Mikono tunanawa na tutaendelea kunawa, lakini virusi hivi hung'ang'ania vidoleni na kwenye vichezeo, na vichache tu vinatosha kumwangusha mtoto.

Huanza kwa homa na kutapika, kisha kuharisha maji matupu. Mtoto aliyecheza asubuhi, jioni utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, hajakojoa tangu mchana. Antibiotiki haziui virusi. Kinachobaki ni kurudisha maji: ORS, ule unga wa chumvichumvi na sukari unaochanganywa na maji safi, kijiko kwa kijiko, ziwa la mama bila kukatiza, vidonge vya zinki, na akishindwa kunywa, mbio kituo cha afya.

Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri kila nchi iweke chanjo ya rota kwenye ratiba ya watoto. Ni matone ya mdomoni, wala hakuna sindano (akina baba wanaoogopa sindano kuliko watoto wao hawana tena kisingizio). Dozi ni 2 au 3 kutegemea aina ya chanjo, na ya kwanza hutolewa mapema mtoto akitimiza wiki 6.

Mheshimiwa, hatufichi. Chanjo haizuii kila kuhara, maana vimelea vya kuharisha ni vingi. Kazi yake kubwa ni kuzuia ule ugonjwa mkali wa kulazwa. Pia kwa nadra sana utumbo wa mtoto huweza kujiingiza ndani yake wenyewe baada ya chanjo. Mtoto akilia kwa vipindi huku akijikunja, akitapika, au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mzazi aliyeelezwa haya mapema hatikiswi na uvumi.

Ndiyo maana ombi letu ni dogo. Utusaidie wauguzi wapate dakika chache za kuzungumza na kila mzazi kabla ya matone, na kliniki ifunguliwe walau siku moja ya mapumziko, kwa ajili ya mama asiyeruhusiwa kutoka kazini wiki ya 6 inapofika.

Naomba kuwasilisha.