Geuza jani kwanza, kisha utuulize bei

Picha tunazoletewa kitaluni kwetu hapa Wete, Pemba, karibu zote hupigwa kutoka juu, jani limetandaa vizuri, na chini yake maneno mawili: "Mnalo? Bei?" Kwa mwarubaini au mkungu, haya. Kwa kangaga ("fern" kwa Kiingereza), picha ya juu haitufai kitu.

Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni alitutumia picha aliyoikuta intaneti, ya kangaga la mnyororo la Marekani. Ati linaota bondeni nyuma ya nyumba yake, anataka miche hamsini zaidi. Nikamwambia, "Bi mkubwa, hebu lipindue unipigie picha ya chini."

Kangaga la mnyororo ni Woodwardia virginica, mmea wa vinamasi vya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Nova Scotia hadi Florida na Texas. Jenasi hiyo ya Woodwardia, yaani kundi la mimea jamaa, ilianzishwa na James Edward Smith mwaka 1793 kwa heshima ya Mwingereza Thomas Jenkinson Woodward. Wataalamu wengine siku hizi wanalitenga na kuliita Anchistea virginica, kwa hivyo ukiona majina mawili usidhani ni mimea miwili.

Mnyororo wenyewe uko chini ya jani. Makangaga hayana maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini linalokaa kwenye vifuko. Kwa hili, vifuko ni virefu, vimefuatana kichwa kwa mkia pande mbili za uti wa jani, mithili ya mkufu. Liinue juani utaona vishipa vimeungana vikafanya safu moja ya vidirisha kando ya uti, kisha kila kimoja kikashika njia yake hadi ukingoni. Bua lake ni jeusi linalong'aa kule chini. Tena halioti kichaka: tunguu, yaani shina la chini ya ardhi, hutambaa matopeni na majani huchomoza mojamoja. Huko kwao watu hulichanganya na kangaga la mdalasini (mdalasini wa rangi tu, si wa pilau), lakini hilo huota kwa shungi.

Picha ya Bi mkubwa ikaja. Mnyororo hamna. Vipande vya juu vya jani vimefunikwa upande wote wa chini kwa vumbi la rangi ya kutu, kama vilivyopakwa brashi. Hilo ni Acrostichum aureum, kangaga letu la kando ya mikandaa (mikoko), linalovumilia maji ya chumvi na kumpita mtu kwa kimo. Miche hamsini ya nini? Nilimwonesha namna ya kugawa shina alilonalo. Biashara ikanipita, sawa.

Anayetaka jamaa wa karibu wa lile la Marekani atafute Stenochlaena tenuifolia, la ukoo uleule wa Blechnaceae, nalo hupenda maji. Hili hupanda miti, na majani yake yenye vumbi ni membamba kama nyuzi, hayafanani kabisa na majani yake mengine, yale mapana yasiyo na vumbi.

Basi ukituandikia, tuma picha tatu: chini ya jani, shina linapotokea ardhini, na mahali lilipoota, utwambie kama maji ni ya chumvi au baridi. Kutambua ni bure. Miche ya kuchimbwa msitu wa Ngezi hatuuzi, na usituagize.