Kabla sijaja Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo na wajukuu zangu. Mimi sijambo, ila miguu ndiyo kama unavyoijua. Ningeweza kukupigia, lakini simu zetu siku hizi unalia wewe, nalia mimi, salio linakwisha na la maana halijasemwa. Kwa hiyo nimeandika, na mjukuu wa jirani atazipiga picha kurasa hizi akutumie.

Nimekubali. Nitakuja kuishi kwako. Uliyoyasema tangu Ramadhani yote ni kweli: choo kiko uani, usiku nakwenda nikipapasa ukuta, na masika yakishika ule uwanja unateleza. Wapangaji ni watoto wazuri, lakini wanatoka alfajiri na kurudi watu wamelala. Nikianguka mchana hakuna wa kuniinua. Sibishani nawe tena. Ninachokuomba ni univumilie kwenye tarehe, maana siwezi kutoka Magomeni bila kuaga, na kuaga kwenyewe kunataka muda.

Nimeshaanza. Baada ya alasiri natoka na mkongojo wangu, nyumba moja au mbili, kadiri miguu inavyoruhusu. Nakaa barazani, nakunywa nitakachopewa, tunaulizana hali za watoto, halafu namwambia mwenyeji wangu: nimekuja kutaka radhi, tumeishi pamoja siku nyingi, kama nimekukosea kwa ulimi au kwa kitendo, nihalalishie. Naye hujibu, nimekuhalalishia, nihalalishie na mimi. Wengi wanaitikia upesi, tunaombeana dua, naondoka. Jirani yangu wa ukuta mmoja ndiye aliyenishinda. Unajua ndiye aliyekunyonyesha nilipolazwa Muhimbili ukiwa mchanga, na kwa hiyo watoto wake ni ndugu zako, si majirani tu. Nilipomtaka radhi alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nikarudia. Akasema, "Nikikuhalalishia utaondoka kweli." Nitarudi kwake tena wiki hii. Yeye siwezi kumwacha hivyo.

Jumapili iliyopita nimekabidhi mali ya chama. Miaka yote niliyokuwa mweka hazina, vitu vya chama cha kuzikana vililala kwetu, kwenye kile chumba cha nyuma mlichokuwa mkikiogopa utotoni kwa harufu ya karafuu maiti. Tulivitoa uani kimoja kimoja, mwenyekiti anasoma, vijana wanapanga: kitanda cha kuoshea, jora la bafta, pamba, udi, majamvi, turubai lenye viraka, miko, mapipa ya maji, na masufuria yenye alama ya rangi nyekundu chini. Lile sufuria kubwa kuliko yote lina kibonyeo ubavuni. Kibonyeo hicho ni cha msiba wa baba yako, 1991. Vijana walilidondosha kwenye kizingiti cha mlango wa uani wakiwahisha wali, wageni walikuwa wameshakaa majamvini. Nililifuta kwa upande wa kanga yangu kabla sijamwachia mweka hazina mpya.

Daftari nililisoma lote usiku kabla ya kulikabidhi. Waliotangulia mbele ya haki tuliwapigia mstari kwa wino mwekundu, na kurasa za mwanzo zote ni nyekundu.

Msiba ule wewe hukuuona vizuri. Ulikuwa bwenini Iringa, ukafika baba yako ameshazikwa, na sijawahi kukusimulia yote. Mimi sikutoa hata senti siku ile. Kabla jua halijapanda turubai lilikuwa limeshafungwa, kundi moja limekwenda Ndugumbi kuchimba kaburi, na wenzake wa bandarini wamekusanya ubani. Mtu mmoja alikwenda Redio Tanzania kulipia tangazo. Baba yako mkubwa kule Lindi alisikia jina la mdogo wake kwenye matangazo ya vifo. Simu hakuwa nayo, na barua ingechukua wiki. Mimi nilipoingia eda, kina mama wa mtaa walipangiana zamu. Miezi minne na siku kumi sikukoka moto. Kila mchana mlango ulibishwa, na sahani imefunikwa kwa kawa.

Watu wa umri wako mnadhani chama kilianzishwa kwa mkutano na katiba. Kilianzia kwenye shida. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kila kitu kilikuwa foleni: sukari, sabuni, unga wa ngano, khanga. Hata nguo ya sanda ilikuwa taabu. Alikufa bibi mmoja nyumba ya nne kutoka kwetu, tukazunguka mtaa mzima kuomba mashuka meupe mpaka jioni ikatukuta. Usiku huo balozi wetu wa nyumba kumi alituita akasema jambo hili lisitupate tena, tuwe tunaweka kidogo kidogo. Tukaanza na pakacha la sarafu na jora moja la bafta lililofichwa chini ya kitanda changu.

Hatukuuliza dini ya mtu. Yule fundi seremala Mkatoliki wa nyumba ya kona alipofariki, masufuria ni yaleyale na wapishi ni sisi. Wenzake wa jumuiya wakaimba usiku kucha, na asubuhi tukamsindikiza Kinondoni. Na Desemba 2011, Msimbazi ulipofurika ukaizamisha Jangwani, watu walipanda huku juu kwetu na watoto mgongoni, wamelowa, hawana hata kandambili. Tukayatoa masufuria. Wapo waliosema ni mkosi kuwapikia wazima kwa vyombo vya msiba. Niliwaambia wanipishe, nikawasha moto. Kati ya waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko yale, wamo walioandikwa kwenye daftari letu mpaka leo.

Hilo nataka ulielewe vizuri. Mtaa ulioujua wewe umeshatawanyika kabla yangu. Nyumba za vyumba sita zinavunjwa, yanapanda maghorofa yenye fremu za maduka chini. Mwenzangu wa kuuza vitumbua yuko Chanika. Somo yako yuko Mbagala. Wengine Bunju, wengine Kigamboni. Lakini mtu akifa Magomeni, wanapanda daladala, wanapanda mwendokasi, wanashuka Mapipa wamejitanda kanga, na kabla ya saa sita wote wako jikoni wanamenya vitunguu. Kwa hiyo umbali siuogopi. Wala baridi ya Dodoma siiogopi, usiendelee kununua mablanketi.

Ninachokiogopa nilikiona nilipokuja kukutembelea mwaka juzi. Kuta ndefu, mageti yamefungwa, mbwa. Nilikaa kibarazani kwako asubuhi hadi adhuhuri sikupata wa kumwambia hujambo. Nilikuuliza nyumba ya ng'ambo anakaa nani, ukanijibu, "Mtu wa wizara fulani, mama." Mwanangu, una miaka mingapi hapo? Mlipohamishwa na serikali kuja huko, kuanzia ile 2016, najua mtaa mzima ulijaa wageni kwa pamoja, kila mtu na kazi yake, hakuna mwenyeji wa kuwakaribisha. Sikulaumu kwa hilo. Lakini sasa unamleta mzee. Mimi nimeosha maiti za watu na nimepokea watoto wa watu, sikuzoea kuishi mahali ambapo nikiugua atakayejua ni wewe peke yako, na wewe uko ofisini.

Na usinijibu kwamba utaniwekea msichana wa kazi. Msichana wa kazi atanipikia uji na kunifulia, nami nitampenda. Jirani ni jambo jingine.

Nyumba nimemwachia binamu yako aiangalie, kodi ya vyumba itakarabati bati. Isiuzwe nikiwa hai. Mengine ya nyumba tutaongea.

Ada yangu ya chama utailipa wewe kila mwezi kwa simu. Namba ya mweka hazina mpya nitakutumia. Jina langu libaki daftarini. Nikifia huko kwako, nizikeni hukohuko siku hiyohiyo, msinisafirishe na kunicheleweshea kaburi. Wapigieni tu wa Magomeni. Watasoma hitima hapa uani, na vijana watajua masufuria yalipo.

Sasa kazi yako ni hii, na ifanye kabla ya nyingine zote. Nenda kwenye nyumba ya ng'ambo ukagonge geti. Nenda jioni, uvae kanga, si nguo za ofisini. Mwambie mama yako mzazi anakuja kuishi hapa, ni mtu wa Magomeni, anapenda kukaa barazani na anajua kupika vitumbua. Muulize jina lake, watoto wake wanaitwaje, kwao ni wapi, kama ana mzee ndani. Ukitoka hapo gonga la kulia na la kushoto, na lile la bluu karibu na kisima, maana nilimwona bibi mmoja akianika mboga mle ndani, tukapungiana mkono. Yaandike majina yao yote unitumie, niyajue kabla sijafika, nikishuka kwenye gari niwasalimie kwa majina.

Tiketi ya treni usikate kwanza. Nitumie majina, ndipo ukate.

Nakuombea dua kila sala. Wabusu wajukuu zangu, na mumeo umpe salamu zangu nyingi.

Mama yako
Magomeni, Dar es Salaam