Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Ndugu wanachama, wazazi, walezi wa vijana na wachungaji mlio nasi, Bwana asifiwe.

Katika mkutano mkuu uliopita mliipa kamati agizo moja: itafute namna ya kuwasaidia matineja wetu kuishinda hofu bila kuwaaibisha kwa kuwa nayo. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu agizo hilo. Mengine nitayapitia mbiombio, kwa kuwa hesabu atazisoma mweka hazina.

Mwaka ulikuwa mzito kwa watoto wa Kisumu. Gredi ya 9 ndio waliotangulia nchi nzima kufanya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari ya msingi, kwa hivyo hawakuwa na kaka wala dada wa kuwaambia mtihani huo unafananaje. Sisi wazazi tuliulizana kuhusu shule watakazopangiwa na masomo watakayochukua, mara nyingi wao wakisikia, na sauti zetu ziliwatisha kuliko mtihani wenyewe. Kisha Oktoba 15 zikaja habari kutoka India kwamba Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, amefariki. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Watoto waliwaona baba zao wakilia hadharani, pengine kwa mara ya kwanza. Walisikia ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, ambako waombolezaji walipigwa risasi wakafa, na Oktoba 18 baadhi yao walikuwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu umati uliposongamana, watu wakazirai na kuumia. Wakati huo mitihani ya kitaifa ilikuwa mlangoni.

Kazi yenyewe tuliianza kwa karatasi. Walezi waliwaomba vijana waandike wanachoogopa, bila jina. Mengi tuliyatarajia: kufeli, karo, polisi na vitoa machozi, kifo cha mama. Wa shule za bweni waliandika moto, na hilo halishangazi baada ya wavulana 21 kuteketea Nyeri mnamo Septemba 2024. Lakini lililojirudia kundi baada ya kundi, kuanzia Nyalenda hadi Ahero, ni hofu ya kugundulika kwamba una hofu. Wanaogopa kuonekana kanisani kama watu wasio na imani.

Chanzo chake si kigumu kukiona. Wote wanaujua 2 Timotheo 1:7 kwa moyo: “Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi.” Tunawasomea, tunawakaririsha, halafu tunawaachia hapo. Mtoto anayetetemeka usiku anabaki kujiuliza: ikiwa Mungu hakunipa hii, nimepewa na nani? Anaona afadhali anyamaze. Mwaka huu walezi walirudi nyuma mistari mitatu tu, pale Paulo anapomwambia Timotheo kwamba anayakumbuka machozi yake. Maneno ya nguvu na upendo yaliandikiwa kijana aliyekuwa amelia, na aliyemwandikia alijua hivyo wala hakumkemea. Vijana wengi walisema hawakuwahi kuona mstari huo, ingawa uko kwenye ukurasa uleule.

Tulisoma pia habari za Gideoni. Katika Waamuzi 6 anapewa amri ya kuibomoa madhabahu ya Baali, naye anaitii, ila usiku, kwa sababu anawaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Madhabahu ilianguka vilevile. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi kilichozaa matunda kuliko vyote. Kijana mmoja aliyekuwa akiwakwepa wenzake kwa kuogopa kuchekwa alisema sasa anajua anaweza kufanya jambo sahihi magoti yakigongana.

Kambi ya Agosti tuliifanya karibu na Dunga, na somo lilikuwa Marko 4, tufani iliyowakuta Yesu na wanafunzi wake ziwani. Mzee mvuvi aliyealikwa aliwaambia vijana kwamba kati ya wale wanafunzi walikuwemo wavuvi wa kazi, na mvuvi akiogopa maji, jua pana sababu. Akawaonyesha pia kwamba Yesu anaunyamazisha upepo kwanza, ndipo anauliza mbona waoga. Msichana mmoja akainua mkono: kwa Mathayo, swali linatangulia upepo. Mjadala ulikula alasiri yote na chakula kikapoa. Sikuusimamisha, na nisingeusimamisha hata leo.

Kuna barua mbili zilizofika kwa katibu zikihoji kwa nini tulimwalika mshauri nasaha kambini. Waandishi wanauliza kama maombi hayatoshi tena. Naheshimu swali hilo. Jibu la kamati liko 1 Wafalme 19. Eliya anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anamletea mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena. Swali la “Unafanya nini hapa, Eliya?” linakuja baadaye kabisa, akiwa Horebu. Tineja asiyelala wiki nzima, anayepumua kwa shida na moyo kumdunda bila sababu, aombewe na apelekwe hospitali. Hatujaona mahali Maandiko yanapotulazimisha kuchagua.

Hapo kuna jambo la kisheria ambalo kila mzazi alijue. Januari mwaka huu Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Familia zilizokuwa zikificha mtoto kwa kuogopa polisi zisimfiche tena. Nambari ya bila malipo ya kuwasaidia watoto ni 116. Tunaomba ibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa yote tunayoshirikiana nayo.

Kuhusu jajuok, yaani mchawi anayekimbia usiku, mlijua nitafika huko. Msichana wa bweni alikuwa hatoki kwenda choo usiku kwa kuwaogopa wakimbiaji wa usiku. Mlezi wake hakumcheka wala hakumhubiria. Walisoma Zaburi 56, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe,” wakaomba, kisha mlezi akauomba uongozi wa shule uweke taa njiani. Taa ikawekwa. Kati ya zaburi na taa, sijui ni lipi lililomtimua jajuok, wala sikuuliza.

Upande wa wazazi tumelegea. Mikutano yao ilihudhuriwa na akina mama, na baba wachache mno. Kamati inapendekeza mikutano ihamie Jumapili baada ya ibada, kwa sababu Jumamosi wengi wako kazini au matangani.

Michango ya kila mwezi ilikuja vizuri hadi Juni, kisha ikapungua. Wenye madeni wameshapata ujumbe.

Januari Gredi ya 10 ya kwanza inaingia shule za upili, na wengi watakuwa mbali na nyumbani. Tunataka kila kijana wetu awe na mlezi mmoja atakayempigia siku ya kutembelewa ikifika, na atakayeenda kama mzazi hawezi, akiwa na barua ya mzazi ya kumruhusu. Manyatta na Obunga hazina walezi wa kutosha. Atakayejitolea aandikishe jina kwa katibu kabla ya uchaguzi wa kamati kuanza mchana huu. Fomu ziko kwenye meza iliyo kando ya mlango.

Mwenyekiti