Barua kwa binti yangu aliye chuoni

Bagamoyo

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kaka yako amenisomea ujumbe uliomwandikia, kwamba tangu uanze kusoma falsafa huoni hoja inayothibitisha kuwepo kwa Mungu bila kuacha mwanya, na kwa sababu hiyo imani yako imekwisha. Hukutaja kama bado unaswali, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ninajivunia kuona unawaza kwa uzito kiasi hicho, lakini imeniuma kwamba ulimwandikia yeye ukaniruka mimi.

Nionavyo, umeyafanya mambo mawili kuwa moja. Kusadiki kwamba jambo fulani ni kweli ni kazi ya akili: mtu hupima ushahidi, akaridhika au asiridhike, wala hawezi kujilazimisha. Imani ni kumtegemea Mola na kuyapanga maisha yako juu ya tegemeo hilo. Iblis hakutilia shaka kuwepo kwa Mungu hata kidogo, kwani alizungumza naye na kumwita Mola wangu. Alichokataa ni kusujudu. Nabii Ibrahim naye, katika aya ya 260 ya Suratul Baqara, aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyofufuliwa, na alipoulizwa kama hajaamini alijibu kwamba ameamini, ila anataka moyo wake utulie. Aliuliza, wala hakufukuzwa kwa kuuliza.

Najua utanijibu kwa yule mwanafalsafa Mwingereza, William Clifford, asemaye ni kosa kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha, aliyeandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli aliyezima shaka zake mwenyewe, akaiacha meli mbovu iondoke na abiria, ikazama nao. Kuhusu meli hiyo nakubaliana naye kabisa. Hapa kwetu jahazi hukaguliwa ubao kwa ubao, likatiwa kalafati kwa pamba na mafuta kabla ya kushushwa majini, na anayelipuuza hilo ana dhambi. Mwenye meli yule alikuwa na njia ya kukagua, akaikwepa. Lakini siku niliyomuoa mama yako ningekagua nini? Ushahidi wa uaminifu wake ulikuja baada ya mimi kumwamini, tena kidogo kidogo, kwa miaka. Yale ya ugonjwa wangu unayajua. Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu Clifford kwa hoja ya namna hiyo katika mhadhara wa mwaka 1896, nawe umsome kabla hujahukumu.

Sisemi kwamba imani haihitaji kusadiki chochote, kwa maana huwezi kumtegemea usiyekubali kwamba yupo. Ninachosema ni kwamba shaka si kukanusha. Imamu Ghazali, aliyefundisha katika Nidhamiyya, chuo cha elimu ya dini cha Baghdad, hadi alipoiacha mwaka 1095, alipitia karibu miezi miwili akiwa hayaamini hata macho yake wala akili yake, na ameeleza kwamba aliponywa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, si kwa hoja zilizopangwa. Madrasa walikuhifadhisha majibu kabla hujawa na maswali, na hapa nyumbani hatukukuongezea mengi.

Basi nakuuliza tena: unaswali? Kama una shaka, simama nayo kwenye msala, uyaseme maswali yako hapo hapo. Ukiacha sala kwa kungoja hoja ikamilike, nahofia utajikuta umeacha kwa mazoea tu, huku hoja yenyewe umeshaisahau.

Bibi yako usimwambie kwa sasa, presha yake haijatulia. Mkwezi aliangua nazi juzi, lakini bei ni ndogo, kwa hiyo fedha ya chumba nitaituma kwa mafungu mawili. Bati la jikoni bado linavuja na kaka yako kila siku anasema kesho. Mama yako atampa dereva wa basi la asubuhi kapu lenye unga wa muhogo na samaki wa kukaanga. Uwahi kulipokea, wasije wakaoza. Ijumaa baada ya sala nipigie mimi, usimpigie kaka yako.

Baba yako